“Kuna muganga humu ndani?” Historia ya sheria inayomgusa daktari anayemsaidia mgonjwa angani

Mwezi wa tano 1995 ndege kubwa ya British Airways, aina ya Boeing 747, iliondoka Hong Kong kuelekea London. Kati ya abiria alikuwemo mwanamke mmoja aliyekuwa ameanguka na pikipiki akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege. Hakutaka kukosa safari, akapanda hivyo hivyo. Mwanzoni mwa safari alilalamika kwamba mkono unamuuma. Wahudumu wakauliza kama kuna daktari kati ya abiria, na watu wawili wakajitokeza: Angus Wallace, profesa wa upasuaji wa mifupa kutoka Nottingham huko Uingereza, na daktari kijana aitwaye Tom Wong. Wakamfunga mkono, wakarudi kwenye viti vyao. Walidhani kazi imekwisha.

Baadaye, ndege ikiwa juu, yule mama akainama avue viatu. Maumivu makali yakamshika kifuani, na pumzi ikaanza kukatika. Wallace alipomchunguza akagundua kwamba mbavu zimevunjika na pafu limetoboka, hewa inavuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa ya namna hiyo isipopewa njia ya kutoka inalikandamiza pafu na moyo pia, na mtu anaweza kufa kwa muda mfupi. Angani hatari inazidi. Ndani ya ndege hewa hupunguzwa nguvu hadi ikafanana na ile ya mlima wa karibu mita 2,400. Hapo ni juu sana kuliko Goma au Bukavu, ambazo ziko karibu mita 1,500. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa iliyonaswa mwilini inavyotanuka.

Wallace aliona hakuna nafasi ya kusubiri ndege itue. Katika sanduku la dawa la ndege alikuta kisu cha upasuaji, dawa ya ganzi na mrija wa kutolea mkojo. Mrija huo ulikuwa laini mno, haungeweza kupenya kifuani. Basi wakachukua hanga ya kutundikia koti, wakainyoosha waya yake na kuipitisha ndani ya mrija ili usimame imara. Kwa kuua vijidudu wakatumia konyaki ya kwenye ndege. Chupa ya plastiki yenye maji ikawa kizuizi cha kuruhusu hewa itoke bila kurudi. Kazi nzima ilichukua kama dakika kumi. Mgonjwa akapumua, akaendelea na safari mpaka London, akapelekwa hospitali na akapona.

Wallace mwenyewe aliandika habari hii mwaka huo huo katika gazeti la waganga wa Uingereza, na dunia nzima ikaichangamkia kwa sababu ya hanga na konyaki. Waganga walioisoma walibaki na swali lingine, ambalo halichekeshi. Je, kama yule mama angekufa? Mtu angesimama mbele ya jaji na kusema: huyu alimtoboa dada yangu kifua kwa waya wa hanga, tena usiku, juu ya mawingu, bila hata mashine ya kupiga picha ya kifua. Daktari angejibu nini? Na jaji huyo angekuwa wa nchi gani?

Zamani swali hilo halikuwepo, kwa sababu muganga alikuwa mfanyakazi wa ndege. Mwaka 1930 muuguzi Mmarekani Ellen Church, ambaye alikuwa amejifunza pia kurusha ndege, aliomba kazi ya urubani katika kompani ya Boeing Air Transport. Wakamkatalia. Yeye akawapa wazo lingine: abiria wanaogopa kuruka, wakiona muuguzi ndani watatulia. Tarehe 15 mwezi wa tano mwaka huo alianza kazi kwenye njia ya kuelekea Chicago, na wauguzi wengine wakafuata. Kwa miaka kama kumi, mtu aliyetaka kuwa mhudumu wa ndege Marekani ilimlazimu mara nyingi awe na cheti cha uuguzi. Vita vya pili vya dunia vikaja, jeshi likawahitaji wauguzi wote, na sharti hilo likafutwa. Halikurudishwa tena. Tangu hapo mgonjwa wa angani anategemea bahati: labda jirani yake wa kiti cha nyuma ni daktari, labda ni muuza nguo.

Na jirani huyo si mfanyakazi wa kompani. Hajamjua mgonjwa, hana faili lake, hana vyombo vyake. Akikosea, kosa ni lake peke yake. Huko Marekani, ambako watu hupeleka waganga tribinalini kwa wepesi, woga huo ulikua sana katika miaka ya 1950. Ilisemwa kwamba daktari akiona ajali barabarani anaongeza mwendo wa gari. Mwaka 1959 jimbo la California likatunga sheria ya kwanza ya aina yake: daktari anayesaidia kwa nia njema mahali pa ajali, bila malipo, hatadaiwa fidia kwa ajili ya msaada huo. Majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine, kila moja kwa maneno yake.

Sheria hizo watu waliziita za Msamaria Mwema, kutokana na mfano ulio katika Injili ya Luka. Msamaria yule, kwa wale wanaokumbuka, alimwagia majeruhi mafuta na divai kwenye vidonda. Alitumia alichokuwa nacho safarini, kama vile Wallace na konyaki yake, na hakuna aliyemwuliza cheti.

Ila sheria za majimbo zilikuwa na tatizo: zilitungwa kwa ajali za barabarani, na barabara ina jimbo lake. Ndege inayotoka New York kwenda California inapita juu ya majimbo mengi ndani ya saa chache. Mtu akianguka kwenye njia kati ya viti, nani atasema ni juu ya jimbo gani alipoanguka? Avoka wa kila upande angechagua jimbo lenye sheria inayompendeza. Na vyombo vilikuwa haba. Ni mwaka 1986 tu ambapo ndege za abiria za Marekani zililazimishwa kubeba sanduku la dawa kwa ajili ya daktari: kipima presha, kifaa cha kusikilizia moyo, sindano, sukari ya kuingiza kwenye mshipa kwa wenye kisukari, vidonge vya maumivu ya moyo, na vitu vingine vichache. Sanduku likawepo. Mtu wa kulifungua bila hofu alikuwa bado.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1998 rais Bill Clinton alitia sahihi sheria ya msaada wa tiba katika usafiri wa anga. Ni sheria fupi. Sehemu kubwa yake inahusu vifaa, na ndiyo iliyofungua njia ya kulazimisha mashine za kushtua moyo uliosimama. Kompani moja ya Marekani ilikuwa imeanza kuzibeba mwaka 1997. Ripoti iliyotolewa mwaka 2000 ilionyesha kwamba kati ya wagonjwa 15 walioshtuliwa kwa mashine hizo, asilimia 40 walitoka hospitalini wakiwa hai. Kabla ya hapo, mtu ambaye moyo wake ulisimama angani alikuwa karibu sawa na maiti. Kufikia mwaka 2004 mashine hizo zikawa lazima kwenye ndege kubwa za Marekani.

Lakini waganga waliangalia kifungu cha tano. Kinasema mambo mawili. La kwanza linahusu kompani: haitadaiwa kwa sababu ya kitendo cha abiria aliyesaidia, ikiwa iliamini kwa nia njema kwamba ana ujuzi wa tiba na ikiwa yeye si mfanyakazi wake. La pili linahusu mtu mwenyewe: anayesaidia, au anayejaribu kusaidia, katika dharura ya ugonjwa ndani ya ndege hatalipishwa fidia na tribinali ya Marekani, iwe ya taifa au ya jimbo, isipokuwa awe ametenda kwa uzembe mkubwa kupita kiasi au kwa makusudi mabaya.

Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito, na inafaa kuyaelewa. Kukosea si uzembe mkubwa. Daktari wa ngozi anayesikiliza moyo baada ya miaka ishirini bila kufanya hivyo, akashindwa kutambua ugonjwa, amekosea tu. Yule aliyekunywa chupa tatu za divai, akasimama akiyumba na kuanza kuchoma sindano asizozijua, huyo ana maswali ya kujibu. Sheria haimpimi msaidizi kama anayefanya kazi ndani ya hospitali yenye taa na wasaidizi. Inauliza mtu mwenye akili na ujuzi kama wake angefanya nini akiwa pale, katikati ya viti, kelele za injini zikimzuia hata kusikia presha.

Waganga wa Marekani waliendelea kubishana juu ya jambo dogo: kompani ikimpa msaidizi chupa ya shampeni au kiti cha mbele, je, amelipwa? Wanasheria wengi wanaona zawadi ya shukrani si mshahara. Tatizo ni pale daktari mwenyewe anapotuma hati ya kudai malipo. Hapo anajivua ulinzi kwa mkono wake.

Ulaya ilifuata njia iliyopinduka kabisa. Marekani ilimwambia daktari: ukisaidia hatutakuadhibu. Ufaransa ilimwambia: usiposaidia tutakuadhibu. Na mwanzo wa sheria hiyo ni wa giza. Ilitolewa tarehe 25 mwezi wa kumi 1941, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, siku chache baada ya maofisa wa Kijerumani kuuawa huko Nantes na Bordeaux na mateka wengi Wafaransa kupigwa risasi kwa kulipiza. Serikali ya Vichy ilitaka kila raia azuie uhalifu na asiwaache majeruhi njiani. Vita vilipokwisha, Wafaransa walifuta mambo mengi ya Vichy, lakini wazo hili walilibakiza, wakaliandika upya mwaka 1945. Leo limo katika kifungu cha 223-6: anayemwacha mtu hatarini, wakati angeweza kumsaidia bila kujihatarisha, anaweza kufungwa miaka mitano na kutozwa faini ya euro 75,000. Ndani ya ndege ya Kifaransa, daktari anayejifanya amelala anacheza na kifungu hicho.

Hapa historia inafika Kongo, tena kwa njia ya kuzunguka. Kanuni ya Adhabu inayotumika nchini ni ya amri ya tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, ya wakati wa Wabelgiji. Lakini Ubelgiji yenyewe wakati ule haikuwa na adhabu kwa mtu asiyesaidia. Iliiweka katika sheria zake mwezi wa kwanza 1961, miezi sita baada ya uhuru wa Kongo. Kwa hiyo Kongo haikuirithi. Ilikuwa Zaire, mwaka 1978, iliyoingiza vifungu vya 66 bis na 66 ter. Kifungu cha 66 ter kinamlenga yule anayeacha kwa hiari yake kumpa mtu aliye hatarini msaada ambao angeweza kuutoa bila hatari kwake wala kwa wengine, iwe kwa mikono yake mwenyewe au kwa kuita watu wengine. Kinamhusu kila mtu, daktari na mchuuzi wa sokoni, na hakisemi kwamba hatari lazima iwe ardhini.

Upande mwingine kuna kifungu cha 258 katika kitabu cha tatu cha Kanuni ya Raia, ambacho ni cha mwaka 1888, enzi ya mfalme Leopold. Kinasema, kwa maneno ya kawaida, kwamba aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake sharti ailipe. Na vifungu vya 52 hadi 54 vya Kanuni ya Adhabu vinamgusa aliyeua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Daktari Mkongomani anasimama katikati. Akikaa kimya, 1978 inamtazama. Akisimama na kukosea, 1888 na 1940 zinamtazama. Kinachomwokoa ni neno lenyewe, “kosa”. Katika utaratibu huu wa sheria, ambao asili yake ni Ufaransa na Ubelgiji, jaji anapotafuta kosa anatazama mazingira. Mtu aliyefanya kwa uangalifu kile ambacho vyombo na nafasi vilimruhusu hajafanya kosa, hata kama mgonjwa amekufa. Ni kinga pia, ila haikuandikwa waziwazi kama ile ya Marekani. Inabidi avoka aitetee.

Linabaki swali la nchi. Tarehe 14 mwezi wa tisa 1963 mataifa yalikutana Tokyo na kutia sahihi mkataba juu ya makosa yanayotendwa ndani ya ndege. Mkataba huo, ulioanza kazi mwaka 1969, ulijibu kwa neno moja: bendera. Nchi ambako ndege imeandikishwa ina haki ya kuhukumu makosa yaliyotendwa ndani yake, haidhuru iko juu ya bahari gani. Chukua ndege ya Ethiopia inayotoka Kinshasa kwenda Addis-Abeba. Daktari ni wa Kisangani, mgonjwa ni Mrundi, na wakati huo wapo juu ya Sudan Kusini. Kwa upande wa makosa ya jinai sheria ya kwanza kutazamwa ni ya Ethiopia. Kwa upande wa fidia mambo si mepesi hivyo, kwani ndugu wa mgonjwa wanaweza kutafuta tribinali ya nchi yao, au ya nchi ya daktari. Ndiyo maana ile sheria ya 1998, pamoja na ubora wake, ina mwisho wake: inamlinda mtu anayeshitakiwa Marekani. Mbele ya jaji wa nchi nyingine inabaki karatasi ya kigeni.

Basi ni madaktari wangapi wamelipishwa fidia kwa msaada wa angani? Waandishi wa tiba ya anga wamelitafuta jibu miaka mingi, na wanarudi na jambo lile lile: kesi za namna hiyo karibu hazionekani. Wanaopelekwa tribinalini ni wenye ndege. Hata hilo lilianza zamani, tangu mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929, ambao ulisema msafirishaji anajibu kwa kifo au jeraha la abiria likitokana na ajali ndani ya ndege. Mkataba wa Montreal wa 1999 ulikuja kuchukua nafasi yake. Ugonjwa wa mtu mwenyewe si ajali. Lakini kuna kesi moja iliyobadilisha mawazo ya watu wengi.

Mwezi wa kwanza 1998, miezi michache tu kabla ya Clinton kutia sahihi, familia moja ilikuwa inarudi Marekani kutoka Athens kwa ndege ya Olympic Airways. Baba wa familia alikuwa na pumu, na moshi wa sigara ulimdhuru. Wakati huo sigara zilikuwa bado zinavutwa nyuma ya ndege. Walipewa viti safu tatu tu mbele ya wavutaji. Mke akamwomba mhudumu awahamishe. Akakataliwa. Akaomba tena mara ya pili, na mara ya tatu. Mhudumu akasema ndege imejaa. Haikuwa imejaa, viti vitupu vilikuwepo. Moshi ukazidi, mwanaume akasimama kutafuta hewa mbele, akazidiwa. Rafiki aliyesafiri nao, ambaye alikuwa daktari, alimchoma sindano na kumhangaikia kwa nguvu zake zote. Akafa. Na huyo aliyekufa, yeye mwenyewe alikuwa daktari.

Mjane akashitaki. Hakumshitaki rafiki aliyechoma sindano. Alishitaki kompani. Tarehe 24 mwezi wa pili 2004 Tribinali Kuu ya Marekani ikaamua kwamba mhudumu kukataa kumhamisha mgonjwa, tena mara kadhaa, ni tukio lisilo la kawaida, na kwa hiyo ni ajali kwa maana ya mkataba wa Warsaw. Fidia iliyokuwa imeamriwa na tribinali ya chini, dola milioni 1.4, ikabaki. Wale wanaoogopa kusimama wangeisoma kesi hii kwanza. Ndani yake kuna mtu aliyesaidia na mgonjwa akafia mikononi mwake, na kuna mtu aliyekataa kusaidia. Jaji alimwona huyu wa pili.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha hesabu kubwa zaidi iliyokuwa imefanywa hadi wakati ule, kutoka kompani tano za ndege na miaka karibu mitatu: dharura 11,920 za ugonjwa, yaani moja kwa kila safari 604. Zaidi ya theluthi moja walikuwa wamezimia au wamekaribia kuzimia. Wengine walikuwa na shida ya pumzi, wengine kutapika. Karibu nusu ya wagonjwa walisaidiwa na daktari aliyekuwa abiria. Waliokufa walikuwa 36, na ndege ililazimika kutua mahali pengine katika safari saba hivi kati ya kila mia. Uamuzi wa kutua, ifahamike, si wa daktari. Yeye anatoa shauri, na kompani nyingi zina pia waganga walio ardhini wanaosemeshwa kwa redio. Mwenye neno la mwisho ni rubani mkuu. Hilo nalo linampunguzia daktari mzigo.

Kwa wakaaji wa Kivu na Ituri habari hizi haziko mbali. Barabara ya kutoka mashariki kufika Kinshasa haipo kwa maana ya barabara. Kabla uwanja wa Goma kufungwa mwanzoni mwa mwaka 2025, watu walipanda ndege na wagonjwa wao, wengine wakiwapeleka kutibiwa. Na familia nyingi zilizokimbilia Uganda, Burundi, Rwanda au Tanzania zimepanda ndege kwa mara ya kwanza zikielekea Marekani, kwani hadi mwaka 2024 Wakongomani walikuwa kati ya kundi kubwa kabisa la wakimbizi waliopokelewa kule. Safari hizo ni ndefu, usiku na mchana, na ndani yake wamo wazee wenye presha, wajawazito, watoto.

Kati ya wasafiri hao wamo pia wauguzi. Mwanamke aliyefanya kazi miaka kumi na tano katika kituo cha afya cha Masisi au Fizi, akaja kupoteza kila kitu, anapanda ndege akiwa mkimbizi. Vyeti vyake huenda viliungua. Marekani haitavitambua bila mitihani mipya. Sauti ikisema “kuna muganga humu ndani?”, je, anayo haki ya kusimama? Ile sheria ya 1998 inajibu. Inapoizungumzia kompani inadai iamini kwamba msaidizi ana ujuzi wa tiba. Inapomzungumzia mtu mwenyewe haidai cheti. Inasema tu “mtu” anayesaidia au anayejaribu kusaidia. Kinga ile inamfunika hata jirani anayemshika mgonjwa kichwa, hata kijana anayetafsiri Kiswahili kwa daktari.

Kuaminiwa ni jambo lingine. Mwezi wa kumi 2016 daktari mmoja mwanamke mweusi wa huko Marekani alieleza hadharani jinsi alivyosimama kumsaidia abiria aliyezimia, mhudumu akamwambia akae, kwamba wanatafuta daktari wa kweli. Kisha mwanaume mzungu akaja, akasema yeye ni daktari, na akapewa nafasi. Habari ile iliwakasirisha wengi. Kabla mwaka haujaisha kompani husika ilitangaza kwamba haitadai tena kuonyeshwa vyeti vya muganga anayejitolea. Sheria haikuwahi kudai karatasi. Ilidai nia njema tu, na nia njema ya mhudumu ilikuwa imeona rangi ya ngozi kwanza.

Muuguzi wa Masisi anajua hayo bila kuambiwa. Pengine ndiyo maana wengi wangebaki wamekaa, kwa sababu ya lugha na ya macho ya watu kuliko sheria. Anayesimama aseme yeye ni nani na anajua nini, bila kujiongezea cheo: “mimi ni muuguzi” inatosha. Mgonjwa akiwa na fahamu aombwe ruhusa. Kama daktari mwingine yupo na anajua zaidi, amwachie. Mambo haya matatu ndiyo avoka wote wanayauliza baadaye, kama kuna baadaye.

Na mgonjwa naye ana sehemu yake. Shirika la uhamiaji, OIM, ambalo makambini wengi wanaliita IOM, huwapima wakimbizi kabla ya safari, na wale walio dhaifu sana husafiri na muuguzi au daktari wa kuwasindikiza. Huyo yuko kazini, si msamaria, na anajibiwa na waliomtuma. Wengine wote wanabeba ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za bluu, ambamo mna hati za safari na karatasi za afya. Wapo wanaouficha katikati ya nguo kwa kuogopa kuupoteza, na dawa za presha zinaingia kwenye sanduku kubwa linalokwenda chini ya ndege. Daktari aliye safu ya kumi na mbili hawezi kulifikia sanduku hilo. Mfuko ukiwa chini ya kiti anaweza kusoma jina la dawa, kipimo chake, na ugonjwa uliomleta mama huyu mbele yake, hata kama hawaelewani neno hata moja.